Kupamba jiko la Krismasi kwenye nyumba ya kupanga, bila misumari na bila hela nyingi

Dada uliyeuliza habari ya kupamba jiko, nimekusoma vizuri. Jiko dogo, nyumba ya kupanga hapa Dar, mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani, mwaka huu hamwendi mkoani kwa hiyo wageni wanakuja kwenu, na watoto wawili, wa miaka saba na wa minne, wanataka na wao wapambe. Mi nimepanga nyumba za hivo miaka mingi na jiko langu la saivi ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kila Krismasi linapambwa na linapendeza, kwa hiyo ntakuandikia kwa kirefu kidogo univumilie.

Kabla hujanunua hata kitu kimoja, simama mlangoni mwa jiko ufikirie tarehe 25 asubuhi humo ndani kutakuwaje. Kwangu mkesha ukiisha watu wanalala kidogo tu, alfajiri mtu mmoja anachambua mchele wa pilau, wifi anamenya ndizi za machalari, shangazi ana kuku kwenye beseni, kuna ndoo ya maji katikati na mtoto anapita kuomba andazi. Kaunta yote imejaa, hata pa kuweka kisu huoni. Sasa wengi ndo wanakwenda kupanga vimti na masanamu na mishumaa kwenye hiyo hiyo kaunta, picha inatoka nzuri jioni ya tarehe 24, halafu kesho yake saa mbili asubuhi vyote vimehamishiwa chumbani juu ya kitanda maana vinazuia kazi. Kwa hiyo kaunta iache wazi kabisa. Pambo la jikoni ama likae juu ya kichwa, ama liwe ni kitu chenyewe unachokitumia siku hiyo. Mi naliamini sana hilo na ndo msingi wa yote ntakayosema hapa chini.

Anza na dirisha. Madirisha yetu karibu yote yana grili na wavu wa mbu, na hiyo grili ni zawadi kwa mpangaji maana unafunga chochote kwa uzi au waya laini na Januari unakata, ukuta haujaguswa. Kwanza toa wavu uufue, dirisha la jiko linashika mafuta na masizi mpaka hewa haipiti, na hakuna pambo litakalong'aa mbele ya wavu mweusi. Ukishaukausha rudisha, halafu zungushia taa kwenye grili kwa ndani. Pa kubandika badala ya kufunga, tumia selotepu ya pande mbili kwenye marumaru, mlango wa kabati au friji, na pafute kwanza mafuta kwa maji ya sabuni pakauke. Kwenye ukuta wa rangi ya maji usibandike, inabanduka na rangi na mwenye nyumba ataiona.

Kuhusu taa, nunua za LED za rangi moja ya joto, ile ya njano hafifu, na kama zina kitufe cha kupepesa ziweke zitulie. Jikoni mtu anakata vitunguu na kisu kikali, taa zinazowaka na kuzima zinachosha macho. Usiogope LUKU. Angalia kwenye boksi, ukikuta wati 5, ukiziwasha masaa sita kila siku kwa siku 15 ni wati-saa 450, haijafika hata nusu ya yuniti. Ila plagi ndo shida, taa nyingi za bei chee zinakuja na pini mbili na soketi zetu ni za pini tatu, watu wanachokoa lile tundu la juu kwa kijiti au bisibisi ndo pini mbili ziingie. Jamani tusifanye hivo, jikoni kuna maji na mikono imelowa, nunua adapta, haina gharama. Ekstensheni nayo isipite karibu na sinki wala isilale sakafuni. Kama soketi iko mbali chukua taa za betri tu, na uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika jioni ya sikukuu jiko lako peke yake ndo litakuwa na mwanga mzuri na mtaendelea kupakua.

Hapa naomba nikaze kidogo kwa sababu ya usalama. Yale mapambo ya plastiki ya kumetameta na ile pamba tunayoweka iwe kama theluji, peleka sebuleni kwenye mti. Pamba inashika moto mara moja na plastiki inayeyuka inadondoka, na hata bila moto, mvuke wa mafuta ya kukaangia ukishaigusa inanata vumbi na huwezi kuifua. Acha kama mita moja kuzunguka jiko pasiwe na kitu chochote kinachoning'inia. Na mtungi wa gesi tafadhali usifungiwe kwa pazia zito la kupendeza pande zote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatambaa sakafuni, kwa hiyo ukiiziba na pazia linalofika chini inajikusanya hapo hapo na hata harufu utachelewa kuisikia. Pazia la chini ya kaunta liishie kiganja kimoja juu ya sakafu, na mishumaa isikae chini kabisa.

Sasa kitambaa, hapa ndo nafsi yangu ilipo. Kitenge kimoja chenye nyekundu na kijani, au hata njano na kijani ukipenda, kinapamba jiko zima na kinafuliwa. Nenda Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo uchague mwenyewe, ila nenda mapema mwezi wa kumi na moja, Desemba kule kunajaa na fundi cherehani naye anakuwa amezidiwa na nguo za sikukuu. Kwenye kipande kimoja unatoa kipazia kifupi cha nusu ya juu ya dirisha, pazia la chini ya kaunta, aproni mbili, na vishikio vya sufuria ukivijaza vipande vya blanketi kuukuu ndani. Vipande vinavyobaki kata pembetatu, zishonee kwenye utepe mrefu, zinakuwa bendera za kupita juu ya makabati kutoka kona mpaka kona. Wageni wakiingia wakakuta aproni inafanana na pazia na bendera, jiko linaonekana limeandaliwa, na ile aproni ya pili mvalishe mgeni wa kwanza atakayesema nije nikusaidie.

Masufuria. Mama zetu walikuwa wanapamba jiko kwa masufuria na sijaona pambo lililowashinda. Wiki moja kabla, toa yote uyasugue nje na ndani kwa stilwaya na limau, au ukwaju ulioloweka, yale ya alumini yanapenda uchachu na yanarudi meupe kabisa. Magadi usiweke, yanayafubaza. Suuza, kausha juani, halafu yapange juu ya kabati kwa ukubwa, kubwa nyuma na mifuniko ikiegemea ukuta, na ukipitisha uzi wa taa nyuma yake mwanga unagonga alumini unarudi jiko zima. Siku yenyewe unayashusha kupikia, na hakuna anayelalamika kwamba pambo limeondoka.

Cha kutoa harufu ya sikukuu, tengeneza vidani vya machungwa. Desemba machungwa ya Muheza hayakosekani sokoni. Kata duara nyembamba za kama nusu sentimita, ukikata nene hazikauki, futa maji kwa kitambaa kila upande, panga kwenye wavu wa oveni moto mdogo kabisa kama nyuzi 100, saa tatu mpaka nne, ukizigeuza mara kwa mara. Kama huna oveni, weka wavu juu ya jiko la mkaa ambalo umeshamaliza kupikia, makaa yamebaki na majivu juu, acha usiku kucha na rudia kesho yake. Juani kwa Dar sikushauri, Desemba hewa ina unyevu mno, linaota ukungu kabla halijakauka na sisimizi wanakuwa wameshafika. Likikauka sawa sawa unaliona linapitisha mwanga, rangi ya kahawia ya asali, nyama imekuwa kama kioo, ukiligonga na ukucha linalia. Toboa karibu na ganda, pitisha uzi, katikati chomeka karafuu tatu nne, unganisha na kijiti cha mdalasini, tundika kwenye grili mbele ya taa. Harufu ya karafuu inakaa muda mrefu, na mdalasini ukibaki mzima unaingia kwenye chai Januari.

Majani mabichi ni rahisi. Tawi la saipresi la wauza miti ya Krismasi barabarani, omba vipande wanavyopunguza, mara nyingi wanakupa bure au kwa hela ndogo, funga kwa utepe mlangoni mwa jiko. Mi kwetu ni Kilimanjaro kwa hiyo lazima kuwe na masale, kwetu ni jani la heshima, ndo jani la kuombea msamaha, na mwisho wa mwaka ndugu wakikutana lina maana yake. Naweka mashina machache kwenye chupa ya maji juu ya friji, linakaa kijani wiki nyingi mpaka linatoa mizizi. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu mbu wasizaliane humo. Maua ya mkrismasi, yale mekundu ya mtaani, ni mazuri sana lakini yanapukutika, hayafai jikoni yataingia kwenye chakula, yaweke sahani ya maji mezani sebuleni.

Halafu matunda yenyewe. Msimu huu maembe yapo, mananasi yapo, ungo mmoja ukaupanga nanasi katikati, maembe mabivu pembeni, pilipili hoho nyekundu na kijani na ndimu kuziba nafasi, hilo ndo pambo pekee ninaloruhusu likae chini, kwenye stuli karibu na mlango, na linaliwa.

Watoto sasa. Wa miaka saba mpe sindano butu ya kufumia na uzi wa sufu, atunge vipande vya machungwa vikishakauka na kutobolewa, na akate minyororo ya karatasi za manila uifunge kwenye fremu ya mlango mbali na moto. Wa miaka minne mpe stika za nyota na mlango wa friji, nusu ya chini yote iwe yake, na zikibandikwa kichwa chini ziache hivo hivo mpaka sikukuu iishe.