Viraka vinavyobadilika bila sababu

SWALI: Natunza kifurushi cha Debian (mfumo wa Linux) chenye viraka, yaani faili zinazoorodhesha mabadiliko ya msimbo. Kila nikiendesha `quilt refresh`, amri ya quilt (programu ya kusimamia viraka) inayoandika kiraka upya, tarehe na mistari ya Index (inayotaja jina la faili) ndani ya kiraka hubadilika, ingawa msimbo ni uleule. Nifanyeje?

JIBU: Katika ~/.quiltrc, faili ya mipangilio ya quilt, andika:

`QUILT_PATCHES=debian/patches`
`QUILT_REFRESH_ARGS="-p ab --no-timestamps --no-index"`

Sasa njia zote zitaanza na a/ na b/, si jina la saraka lenye namba ya toleo. Kabla ya kuleta toleo jipya, endesha `quilt pop -a` ili kuondoa viraka vyote, kisha `while quilt push; do quilt refresh; done` ili kuvirudisha na kuvihuisha kimoja kimoja. Hifadhi badiliko hilo peke yake kwenye Git, anayekagua atakushukuru.

Neno "fuzz" likitokea kiraka kinapowekwa, usilipuuze: mistari inayozunguka badiliko hailingani tena na chanzo, na dpkg-source (programu ya Debian ya kuunda na kufungua vifurushi vya chanzo) katika muundo wa "3.0 (quilt)" hukataa kiraka hicho. Hakikisha kimeangukia mahali pake, ndipo ukihuishe.