Vizimba juu ya vifaru vinasaidia kweli?

SWALI: Shikamoo Fundi. Kwenye video za vita vya Ukraine naona vifaru vimefungwa vizimba vya nondo juu, na vingine vimefunikwa mabati hadi ubavuni. Kaka yangu anasema ni woga tu, chuma chembamba vile hakizuii bomu. Je, ni kweli? Na kwa nini viwanda havikuviweka tangu mwanzo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako kwamba kizimba hakikuwekwa pale kushindana na bomu kwa unene. Bomu la kutoboa kifaru lina faneli ya madini laini, mara nyingi shaba, na baruti nyuma yake. Baruti ikilipuka, faneli inaminywa na kuwa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Huo ndio unaotoboa. Wengi hudhani unayeyusha chuma. La, unakisukuma kando kwa kasi.

Sasa chukua bomu la kawaida la RPG-7, silaha ya kurushia begani, lenye kipenyo cha milimita 85. Nondo zikipangwa kwa nafasi ndogo kuliko hiyo, pua inapita katikati bila kugusa kitu, mbavu za bomu zinabonyea, umeme wa fyuzi unapiga shoti, na bomu linaweza lisilipuke kabisa. Ndiyo maana Marekani ilizungushia Stryker zake, magari ya kivita ya magurudumu, vizimba vya namna hiyo zilipokwenda Iraq mwaka 2003. Lakini pua ikigonga nondo yenyewe, bomu linalipuka kama lilivyokusudiwa. Hapo umbali mdogo kati ya kizimba na kifaru hauokoi mtu, na pengine unaupa mchirizi nafasi ya kunyooka vizuri zaidi. Kizimba kinapunguza hatari. Anayekiamini kama ukuta atakufa nacho.

Mchanga ni habari nyingine. Mwaka 1944 na 1945 askari wa Marekani walirundika mifuko ya mchanga kwenye vifaru vya Sherman wakiogopa Panzerfaust, silaha ya mkononi ya Wajerumani ya kutoboa vifaru. Jenerali Patton aliikataza katika jeshi lake: uzito ulikuwa unaumiza springi na giaboksi, na kinga yenyewe ilikuwa ndogo. Badala yake waliruhusiwa kukata deraya, yaani mabamba ya chuma ya kinga, kutoka vifaru vilivyoharibika na kuichomelea juu ya vizima. Mimi kama fundi naona Patton alikuwa sahihi, ingawa siwalaumu vijana wale. Ndio waliokuwa wanakaa ndani.

Na kuchomelea deraya si kazi ya kufanya harakaharaka. Chuma chake ni kigumu sana. Ukikiunga kikiwa baridi, au kwa elektrodi zilizoingia unyevu, kinapata ufa kando ya weldi, wakati mwingine saa nyingi baada ya wewe kuondoka ukidhani umemaliza. Lazima ukipashe moto kwanza na elektrodi ziwe kavu. Mtu anayefanya hivyo uwanja wa vita, usiku, huku adui yuko karibu, anastahili heshima.

Kuhusu viwanda: kifaru kilichorwa kupigana na mzinga ulio mbele yake, kwa hiyo unene mkubwa uko mbele, na paa limeachiwa sentimita chache tu. Kisha zikaja droni zinazoshuka kutoka juu. Vile vilivyofunikwa mwili mzima vilianza kuonekana Aprili 2024, upande wa Krasnohorivka, mashariki mwa Ukraine. Hulipa gharama kubwa: mnara wa mzinga haugeuki vizuri, na walio ndani karibu hawaoni pembeni.

Kinachoniuma ni viwanda na wizara kuchelewa. Desemba 2004 huko Kuwait, askari wa Marekani alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, akamuuliza kwa nini wachakure majalala kutafuta vyuma chakavu vya kukinga magari yao. Wenzake walimshangilia, na walikuwa na haki. Safari hii angalau wamejifunza kidogo: Israel iliweka vizimba juu ya vifaru vyake vya Merkava mwaka 2023, na Urusi sasa inatoa vifaru kiwandani vikiwa navyo tayari.