Jibu: Taka za Pugu kuzalisha umeme, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kwa nini taka zinazomwagwa Pugu Kinyamwezi, dampo kuu la Dar es Salaam, zisichomwe zitupe umeme kama wanavyofanya Sweden. Inawezekana, ila kikwazo kikubwa ni maji. Simama nyuma ya lori la taka linalotoka sokoni uone linavyochuruzika njia nzima: maganda ya ndizi, maembe yaliyooza, mabaki ya mboga. Sehemu kubwa ya mzigo ule ni unyevu, na tanuri lazima liukaushe kwanza ndipo joto libaki la kuchemsha maji yatoe mvuke wa kuzungusha mtambo. Taka ikiwa na nishati ya joto chini ya megajuli (kipimo cha nishati) 6 au 7 kwa kilo, haiungui vizuri yenyewe, utaongeza mafuta. Hapo hesabu inakataa.

Jirani zetu wamejaribu: mtambo wa Reppie, Addis Ababa, ulizinduliwa 2018 kwenye dampo la Koshe, ambako maporomoko ya taka ya 2017 yaliua watu zaidi ya 110. Ulipangwa kuchoma tani 1,400 kwa siku.

Moshi nao usiudharau. Gesi zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 850 kwa angalau sekunde 2 ili dioksini, yaani kemikali zenye sumu kali, ziteketee, kisha zipite kwenye vichujio, na vichujio hivyo ni ghali mno. Watu wanaishi jirani na dampo pale, tusiwafanyie majaribio.

Mimi ningeanza na kutenganisha taka za jikoni, ziende kwenye biogesi, au mboji kama wanavyofanya Mabwepande, huko huko Dar. Zitakazobaki kavu ndizo tujadili kuzichoma.