Uliza Tukujibu: Madarasa yanajengwa, mbona hayatoshi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Huku Mbagala, Dar es Salaam, madarasa mapya tumeyaona, rangi bado inanukia, lakini mwanangu wanabanana watatu dawati moja. Hela inaenda wapi jamani?

JIBU: Marahaba. Hela kando kwanza, angalia vichwa: sensa ya 2012 ilitukuta Watanzania milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7, yaani karibu milioni 17 wameongezeka ndani ya miaka 10, halafu 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne, basi hata waliokuwa wanabaki nyumbani wakaja, na Dar ndo kila mtu anakimbilia kutafuta riziki. Kwahiyo serikali inajenga huku inakimbizwa. Na haohao watoto kesho wanataka ajira, hapo sasa ndo mimi naogopa zaidi kuliko madawati.