Nani hukata shingo ya kifuko cha seli?

SWALI: Nafundisha baiolojia kidato cha tano. Seli inapomeza kitu, utando hubonyea ukawa kifuko. Kinakatwaje bila kuvuja? – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, shika barafu ya ubuyu kabla haijaganda. Ukipitisha mkasi shingoni, juisi yote chini. Seli haina mkasi. Protini ya klathrini ikishaufinyanga utando, protini ya dainamini hujizungusha shingoni kwa nje, mzunguko juu ya mzunguko, kama kamba. Ikivunja GTP (molekuli inayobeba nishati), mizunguko hukaza na tundu la shingo hubaki nanomita chache tu.

Utando una tabaka mbili za mafuta, unene wake nanomita 4 hadi 5. Tabaka la upande wa tundu huungana kwanza, la nje baadaye. Kila upande umeshajiziba kabla ya kuachana. Ndiyo maana hakuna kinachomwagika.

Kukaza tu hakutoshi. Maabara wakiweka GTP isiyovunjika, dainamini hung'ang'ania na shingo hurefuka kama mrija, haikatiki. Nzi wa matunda wenye kasoro ya jeni ya dainamini hupooza kwenye joto la takribani 29°C au zaidi, maana neva zao hushindwa kurudisha vifuko, wakipoa, huamka. (Mfano huu darasa halitausahau.)

Ila usiseme dainamini hukata kila kitu. VVU vinapochomoka kwenye seli, wakataji ni protini za ESCRT-III, ambazo hukaa ndani ya shingo, si nje, kisha protini nyingine, VPS4, huzifumua kwa nishati ya ATP.