Uvimbe kwenye nyusi ya mtoto: usikubali utobolewe

Mama Neema, unauliza kama kile kivimbe alichozaliwa nacho mtoto, kwenye ncha ya nje ya nyusi, kinaweza kutobolewa pale kituo cha afya cha mtaani. Hapana, tafadhali usikubali. Kivimbe cha mahali hapo, kisichouma na kinachokua polepole, mara nyingi ni kisti ya demoidi: kifuko cha ngozi kilichofungiwa ndani mtoto akiwa bado tumboni, chenye mafuta na pengine hata nywele. Si saratani. Ukikitoboa, ganda linabaki, linaweza kutunga usaha, na uvimbe unarudi. Hutolewa kizima, na daktari wa upasuaji.

Mguse taratibu: ngozi ya juu ikiteleza huku kivimbe kimeng'ang'ania chini kwenye mfupa, hiyo nayo ni dalili ya kisti ya demoidi. Hapa Bukavu anzia hospitali kuu ya rufaa ya mkoa, uulize ekografi (picha ya ndani inayopigwa kwa mawimbi ya sauti). Kingekuwa katikati ya pua ningesisitiza skana au MRI (picha za kina za ndani ya kichwa) kabla ya kisu chochote, maana vya hapo vinaweza kuwa na njia inayofika karibu na ubongo. Kikianza kukua haraka, kuuma au kuwa chekundu, mpeleke siku hiyohiyo.