Kreni si mtu: achana na uzito wa otomatiki

Mkuu, toa mkono kwenye Ctrl+P, ile ya kufunga modeli kwenye mifupa ndani ya Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D na kuvitembeza. Toa kwanza, ndiyo tuongee.

Umeuliza mambo matatu: kreni yako ya bandarini iwe na mifupa mingapi (vile vijiti vya kuisogeza modeli), kamba yake izunguke vipi kwenye ngoma, na utaipelekaje Unity, programu ya kutengenezea magemu. Sawa. Lakini kilichonitoa kitandani ni ule mstari wako wa mwisho, kwamba umeshaunganisha vipande vyote kuwa modeli moja, sasa unaipa uzito wa otomatiki, yaani Blender ikukadirie yenyewe kila mfupa uvute kila nukta kiasi gani, na palipoharibika "nitasafisha kwa brashi". Sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, ikanila hela.

Nilipewa kazi ya kijiko, lile katapila la kuchimbia, animesheni ya sekunde 40 ya kufundishia waendeshaji wapya. Modeli ilikuwa safi: mkono mkubwa, mkono mdogo, baketi, silinda za haidroliki, kila pini mahali pake. Vipande 212. Nikavibana vyote kuwa modeli moja kwa Ctrl+J kwa sababu jamaa mmoja kwenye video alisema vipande vingi vinachanganya. Nikachora mifupa mitano, nikabonyeza uzito wa otomatiki, mkono ukanyanyuka. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia mama. Mnaocheka nawaona.

Sasa sikia kinachotokea humo ndani. Blender inauchukulia mfupa kama jiko: joto linatoka kwenye mfupa linasambaa juu ya ngozi ya modeli, na nukta iliyo katikati ya mifupa miwili inapata ya huku na ya kule, labda 0.7 kwa 0.3. Kwa kiwiko cha mtu ni safi kabisa, nyama inatakiwa ijikunje. Chuma je? Mkono wa kijiko ulipofika nyuzi 80, bati la karibu na pini lilinyongeka kama chapati, na kichwa cha boliti cha pembe sita kikavutika hadi kikafanana na korosho.

Ndipo nikachukua brashi. Siku tatu, hadi usiku wa manane. Ukiwa unapaka uzito, skrini inaonyesha bluu pale pasipo na uzito. Shida ni kwamba 0.02 nayo ni bluu ile ile, jicho halitofautishi. Mkono ukiinuka nyuzi 10 huoni kasoro, ukifika 80 bati linatambaa. Tena ukiacha usawazishaji wa otomatiki umewashwa, unachofuta kwenye mfupa huu kinahamia wa jirani. Nafuta baketi, uchafu unaenda mkono mdogo. Nafuta mkono mdogo, unarudi baketi. Kufagia uwanja siku ya upepo.

Nikachoka, nikajiambia hakuna atakayeona, nikarenda, yaani nikaiacha kompyuta ichore picha zote za mwisho. Fremu 25 kwa sekunde mara sekunde 40 ni fremu 1,000, kila moja dakika 4. Karibu saa 67 feni inalia kama mashine ya kusaga, na uniti za umeme wa LUKU zinateremka naziangalia. Nikapeleka. Mteja ni fundi mitambo wa siku nyingi. Akafika sekunde ya 11, akasimamisha, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kijana, hiki chuma ni cha mpira?" Nikamwambia ni mtindo wa kisanii. Hakucheka. Nusu ya malipo iliyobaki sijaiona hadi leo.

Na huyo mwalimu wa video! Dakika nane anamrigi, yaani anamtia mifupa, mtu anayepunga mkono, dakika ya tisa anatupia kwamba njia hiyo hiyo inafaa kila kitu, "hata magari na roboti". Hajawahi kurigi hata mkasi huyo. Chini ya video watu wamejaza shukrani, na mmoja wao ni mimi.

Kipande kimoja, mfupa mmoja, asilimia mia. Hakuna ubia.

Ingia hali ya kuhariri, chagua vyote, bonyeza P, tenganisha kila kisichoshikana. Kila boliti itatoka peke yake, usiogope. Za mkono ziunge na mkono, za chasi na chasi, hapo Ctrl+J ni halali. Kisha Ctrl+A uthibitishe ukubwa, skeli isome 1 pande zote. Kichwa cha mfupa kikae katikati ya tundu la pini, siyo karibu-karibu: chagua nukta za mduara wa tundu, Shift+S upeleke kishale cha 3D (siyo cha kipanya) pale, halafu kichwa cha mfupa ukipeleke kwenye kishale. Mwisho chagua kipande, Shift uchague na kiunzi (mifupa yote kwa pamoja), ingia hali ya pozi, bofya mfupa wake, Ctrl+P, chagua mfupa. Mfupa mtupu, usiguse mstari wenye neno otomatiki. Kipande kitaufuata kizima kizima, kama mlango na bawaba.

Kama kwa ajili ya Unity unataka modeli ibaki moja, iache moja, ila uifunge kwa makundi matupu, yaani kundi moja la nukta kwa kila mfupa, bila uzito wowote ndani: weka kipanya juu ya kipande, bonyeza L, chagua kundi la mfupa wake, uzito 1, kabidhi. Vipande 212 nilivimaliza kwa jioni moja. Nilijaribu baadaye, kwa hasira.

Kama boriti ya kreni yako inanyanyuliwa na silinda, ipe mifupa miwili: wa ganda uutegemee mfupa wa chasi, wa rodi uutegemee mfupa wa boriti, kila mmoja uwekewe kizuizi (constraint) cha kutazama pini ya mwenzake, kupitia mfupa mdogo wa shabaha uliokaa kwenye pini hiyo, maana mifupa ikitazamana moja kwa moja Blender inalalamika. Inajirefusha yenyewe, unaweza kuiangalia kutwa.

Mifupa mingapi? Hesabu pini. Kamba tutaiona, weka kwanza picha ya vipande ulivyovitenganisha. Na kama umeshabonyeza, Ctrl+Z sasa hivi kabla hujafunga faili.